Nilivyokwenda Ryansoro kwa Kesi ya Tribuni

Tangu nirudi, kila anayekuja kuchukua nguo yake anasimama mlangoni na kuuliza, "Alors, Da' Mwajuma, ya Idi iliishaje?" Nikianza kujibu anaingia mteja mwingine, na maneno yanakatika katikati. Sasa mtaani zinatembea habari tatu tofauti, na jirani mmoja amekwisha kunipa pole ya msiba. Nimeona niandike yote mara moja. Anayetaka ajisomee, nami nirudi kwenye cherehani.

Wengi wenu mnatujua. Wazazi walituacha nikiwa darasa la sita. Nikatoka shule nikashika mashine ya mama, na wadogo zangu wakaendelea kusoma. Zaina sasa anashona pamoja nami. Idi ndiye aliyefika mbali: yuko shule ya bweni upande wa Ryansoro, ng'ambo ya Gitega, na amebakiza mwaka mmoja amalize.

Ijumaa jioni dereva mmoja aliniletea barua ya derekta pamoja na daftari la historia la Idi. Barua ilikuwa fupi. Mzazi afike Jumatatu saa mbili asubuhi mbele ya baraza la nidhamu. Asipofika, mwanafunzi atahesabiwa ameacha shule. Nilipiga namba iliyoandikwa pale juu mpaka simu yangu ikazimika, na hakuna aliyepokea. Kwenye jalada la daftari Idi alikuwa ameandika: "Dada, soma hii njiani. Utaona sikufanya ujinga."

Muyinga: mfereji kwanza

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa parkingi na begi langu. Mnajua wenyewe kwamba Jumamosi hakuna gari linalotembea kabla kazi za jamii hazijaisha. Mimi pia nilijua. Lakini mtu mwenye haraka hujidanganya kwamba leo sheria itakuwa imelala. Shefu wa mtaa aliniona kutoka mbali.

"Mwajuma, unakimbia wapi na begi?"

"Ryansoro, shefu. Idi ana baraza Jumatatu."

"Jumatatu iko kesho kutwa. Mufereji iko leo." Akanipa jembe.

Nikachimba mfereji wa barabara na viatu vyangu vya Idi el-Fitri, nikitupa udongo kwa nguvu hivi kwamba mama aliyekuwa nyuma yangu alihama. Kazi ilipoisha, saa tano, magari yaliruhusiwa kutembea, ila hayakuwa na kitu cha kutembelea. Esanse, yaani petroli, ilikuwa imekosekana wiki nzima. Kwenye stesheni kulikuwa na msururu wa magari ambayo madereva wake walikuwa wamelala chini yake. Nilikaa juu ya begi, nikainuka, nikakaa tena. Nilikwenda kuuliza dereva yupi ana mafuta mara nyingi mpaka mmoja akaniambia, "Dada, ukikuja tena nitakufanya konveyeri wangu, uitishe abiria."

Nikafungua daftari, ili mikono yangu iwe na kazi.

Lilikuwa somo la Warumi wa kale na namna walivyojitawala. Masomo yenyewe yaliandikwa kwa Kifaransa, na Kifaransa changu kiliishia darasa la sita, lakini chini ya kila somo Idi alikuwa ameniandikia Kiswahili. Warumi walimfukuza mfalme wao, wakaapa hawataki mwingine. Badala yake walichagua konsuli wawili, kwa mwaka mmoja tu, na kila mmoja aliweza kumzuia mwenzake. Kulikuwa na seneti, yaani wakubwa wa koo, ambao walitoa mashauri tu, na mashauri yao yalifuatwa kuliko sheria. Aliyetaka cheo alitembea sokoni akishika watu mikono, amevaa joho jeupe lililopakwa chokaa ling'ae. Idi alikuwa amelichora hilo joho. Ni kitambaa kimoja kizima, kinazungushwa mwilini, hakina mshono hata mmoja. Watu walitawala nusu ya dunia bila kumhitaji fundi cherehani. Nililifikiria hilo kidogo.

Kisha ikaja habari ya wananchi wa chini. Walichoka kuonewa na wenye vyeo, wakatoka mjini wote, wakaenda kukaa kilimani, wakakataa kurudi mpaka wapewe mtu wao. Ndiyo wakapewa tribuni. Kazi ya tribuni ilikuwa moja: mwenye cheo akitaka kumwadhibu raia kwa uonevu, tribuni anakwenda pale kwa miguu yake, anasimama katikati, na kusema "Ninakataza." Basi amri inakufa. Hana askari wala silaha. Anayemgusa amelaaniwa. Mlango wa nyumba yake haufungwi, usiku wala mchana, na haruhusiwi kulala nje ya mji.

Ukurasa uliofuata ulinifanya nisimame tena. Mwalimu wao wa historia alikuwa ameligeuza darasa lao kuwa Roma kwa muhula mmoja. Kulikuwa na orodha ya majina na vyeo: konsuli wawili, maseneta kumi, na mwisho kabisa, *Tribuni wa raia: Idi*.

Muyinga hadi Karuzi

Saa tisa ilipatikana Probox moja. Tulikuwa watatu tulioelekea njia ya Karuzi na Gitega, na kwa kuwa tulikaa pamoja siku mbili, nitawataja. Kulikuwa na Mama Furaha, Mkongo wa Uvira, anayeuza ndagala na vitenge, aliyeanza kuzungumza kabla mlango haujafungwa. Na kulikuwa na muzee Nyabenda wa Karuzi, mushingantahe, yaani mmoja wa wazee walioapishwa kuamua magomvi ya kilima chao. Alishika fimbo yake katikati ya magoti na kulalamika juu ya kila kitu: kiti, dereva, na samaki wa Mama Furaha.

"Hii ndagala yako iko na harufu kama mukutano," akamwambia.

"Muzee, ukisikia njaa utasema inanukia."

Mama Furaha aliniona nikisoma, akataka kujua. Nikawaeleza Roma kama nilivyoielewa. Nilipofika kwa konsuli wawili alinikatiza.

"Ngoja. Bote babili banatawala siku moja?"

"Ndiyo. Na kila mmoja anaweza kumzuia mwenzake."

"Basi pale hakuna kitu kinafanyika. Mi na bwana yangu tuko babili, na paa inavuja tangu mwaka jana."

Muzee akacheka kwa pua, huku amefumba macho.

Tulipokuwa tumeacha Buhinyuza upande wa kushoto tukakuta bariyeri. Polisi alikagua ndagala, akakagua begi langu, akaliona daftari. Alikuwa kijana mwenye heshima, na alisoma polepole huku kidole kikifuata mistari. Kidole kikafika kwenye orodha ya majina.

"Hii ni chama gani?"

"Si chama, afande. Ni somo."

"Iko konsuli. Iko maseneta. Hapa wameandika uchaguzi, na kura. Sasa unasema si chama?"

"Ni Warumi, afande. Watu wa zamani."

"Wako wapi sasa?"

"Wamekufa."

"Wote?"

"Wote. Ni kama miaka elfu mbili."

Akafikiri. "Na huyu Idi, tribuni? Yeye pia amekufa?"

Jua lilikuwa linashuka. Mama Furaha akaingilia kutoka dirishani: "Afande, Idi ni mudogo wake. Iko masomoni. Banacheza Roma kama bale banacheza Yesu na Herode siku ya Noeli."

Polisi aliniambia nishuke, nikashuka. Akataka nimweleze kila cheo. Nikasimama kando ya barabara nikimfundisha afande seneti, mimi niliyeishia darasa la sita, nikiona magurudumu ya Probox yamesimama na saa zinakwenda. Nilipofika kwa tribuni akaacha kuandika.

"Kwa hiyo ofisa anatoa amri, na huyu anakuja anasema hapana, na anaachwa?"

"Ndiyo."

"Bila hata karatasi?"

"Bila karatasi."

Akanirudishia daftari, akaonekana amenisikitikia. "Mwambie mudogo wako asome hesabu," akasema, akainua kamba.

Kilomita chache kabla ya Karuzi mafuta yakaisha. Dereva hakushangaa. Alituambia kesho atapata, tukubaliane wapi, akafunga milango. Tukatembea. Vijana wa baiskeli walikuwa wanapanda mlima wameshika nyuma ya lori, mikungu ya ndizi mbichi ikining'inia pande zote, na muzee aliwatukana mmoja mmoja walipompita. Mimi nilikuwa ninatembea mbele, ninawasubiri, ninatembea mbele tena. Mama Furaha akasema nikiendelea hivyo nitakuwa nimekwenda Karuzi mara mbili.

Karuzi: Jumapili ya watu wengine

Tulilala kwa muzee Nyabenda. Mke wake, ambaye nilimwita bibi, alitupa maharage na ndizi na hakuuliza swali mpaka tumeshiba. Asubuhi nilikuwa nimekwisha kufunga begi kabla ya kuku kutoka nje. Kumbe dereva wetu ni mwimbaji wa kwaya, misa ya kwanza na ya pili. Tungeondoka saa sita, au saa saba kama padri ana maneno.

Basi nikakaa uani kwa muzee nikizunguka. Nilifagia pale ambapo pamefagiwa. Majirani wawili walikuja, ikatolewa urwarwa, pombe ya ndizi, chungu kimoja na mrija wa kupokezana. Muzee akaninyooshea mrija. Nilimwambia mimi ni Mwislamu, sinywi. Jirani mmoja akaangalia pembeni, maana kwao kukataa mrija wa mwenye nyumba ni kama kumwambia humwamini. Muzee akasema, "Basi ushike tu. Mukono haulewi." Nikaushika, nikampa aliyefuata, na ubaya ukaisha.

Pale ndipo nilipowasimulia kilichompata Idi. Kilikuwa kwenye kurasa za mwisho. Darasa zima lilipewa adhabu kwa kelele ambazo hakuna aliyekiri: Jumapili tatu wabebe matofali kutoka bondeni mpaka jikoni kwa shule. Jumapili ya kwanza Idi akasimama mbele ya lundo la matofali. Akamwambia prefe wa nidhamu, mwalimu msimamizi wa adhabu, "Ninakataza." Na wenzake arobaini na mmoja wakayaweka chini.

"Yoo," akasema bibi.

"Prefe anacheza hiyo Roma?" akauliza muzee.

"Hapana. Ni ya darasani tu, na mwalimu wao."

"Ndiyo kosa. Alitoa dawa nje ya chupa yake."

Hata Idi alilijua hilo, maana aliliandika kwa mkono wake: nguvu za tribuni ziliishia maili ya kwanza nje ya mji. Mbele ya hapo ni mtu kama watu. Nilikuwa nimelisoma mara nne, na kila mara lilinichoma. Bonde la matofali liko nje ya ua wa shule. Kwa sheria yake mwenyewe alikuwa amekosa.

Nikasema mpango wangu. Nikifika nitamwambia apige magoti, auweke chini huo utribuni, aombe msamaha, yaishe.

Muzee alitikisa kichwa. "Hawezi kuuweka chini."

"Kwa nini? Ni mchezo."

"Walimuchagua?"

"Ndiyo."

"Bon. Mimi nilivishwa na kilima hiki. Watu wote walikuwa hapa uani, tukala, tukakunywa, nikaapa. Nikiamuka kesho niseme sitaki tena, nitakuwa nimewadharau. Walionivisha wanaweza kunivua. Wamekwisha kumuvua mmoja, pale ng'ambo, alikula mbuzi ya mujane. Walikuja wote, wakasema, mpaka leo anapita njia ya chini."

Jirani mmoja akaitikia, "Egome, anapita ya chini."

Nilimwambia muzee kwamba Idi si mushingantahe, ni mwanafunzi aliye hatarini kupoteza shule. Akasema mimi ndiye niliyekuja na Warumi nyumbani kwake. Kisha akalala palepale kwenye kiti.

Nilirudi kwenye daftari kwa hasira. Na karibu na mwisho, pembeni, kwa wino mwingine, nikakuta mistari mitatu ambayo nilikuwa nimeiruka. Iliwahi kutokea huko Roma kwamba tribuni mmoja alimzuia mwenzake, wakashindana siku nyingi, mpaka wananchi wenyewe wakaitwa wapige kura, na kwa kura wakamvua cheo yule aliyezuia. Idi alikuwa ameandika chini yake: "Mwalimu anasema wataalamu hawakubaliani kama ilikuwa halali."

Nikaukunja ukurasa ule kwenye kona.

Karuzi hadi Gitega

Padri alikuwa na maneno. Tuliondoka saa nane, na dereva alikuwa bado anaimba. Muzee alitusindikiza mpaka barabarani, akamwambia Mama Furaha asirudi na samaki, na bibi akampa Mama Furaha chakula cha njiani ambacho muzee mwenyewe ndiye aliyekiagiza.

Njia yote mpaka Gitega ni kushuka na kupanda, na esanse yetu ilihesabiwa: kwenye miteremko dereva alizima mashine, tukawa tunateleza kimya, tunasikia mpaka watoto wakizungumza migombani. Mama Furaha alikata ubuswage, ule mkate wa muhogo uliofungwa majani, akanipa na ndagala za kukaanga. Sikuwa nimekula kitu tangu jana usiku. Nilikula kwa pupa, akanitazama.

"Mwajuma, we unaogopa nini kabisa? Akifukuzwa, atarudi Muyinga, utamufundisha kushona. Hatakufa."

Nilimwambia kwamba mimi niliacha shule ili mtu mmoja nyumbani amalize. Zaina hakupenda masomo, basi akabaki Idi. Akirudi kabla ya kumaliza, ile siku niliyotoka darasani itakuwa imetupwa bure, na siwezi kwenda kuitafuta tena.

Aliniongezea ndagala mkononi. Kisha akasema, "Basi usiende pale kama fundi wa nguo. Enda kama baba."

"Barazani wataniona mwanamke wa miaka ishirini na sita."

"Bataona chenye utawaonyesha."

Tuliingia Gitega magharibi ikikaribia. Mama Furaha alishuka karibu na soko na vifurushi vyake. Alinishika mabega, akaniombea kwa Yesu kwa sauti kubwa mbele ya watu wote, nami nikaitikia amina. Nililala kwa familia ya binamu wa marehemu baba, mtaa wa Waswahili. Hapo sina la kusimulia, walinipokea vizuri, ila godoro lilinitesa kama mkeka wa miiba kwa sababu ya mawazo yangu mwenyewe.

Gitega hadi Ryansoro

Baada ya sala ya alfajiri nilikuwa njiani. Pikipiki hazikuwa na mafuta. Nikapata baiskeli ya abiria, na mwenye baiskeli, baba mmoja mwembamba wa Ryansoro, aliniahidi saa moja na nusu tutakuwa tumefika. Alikuwa mwaminifu kwenye mteremko. Kwenye mlima nilishuka na kusukuma pamoja naye. Mlima wa tatu tairi likatoka upepo. Akalala kifudifudi kwenye majani kutafuta tundu, akilisikiliza kama daktari, na mimi nikaona jua limepanda kilima cha pili.

"Dada, inakuja," akasema.

"Saa ngapi sasa?"

"Usiulize saa. Uliza tundu."

Nilimshukuru, nikavua viatu, nikaenda kwa miguu. Niliwauliza wanawake waliokuwa wanapalilia maharage shule iko wapi. Kila mmoja alisema hapo tu, nyuma ya kilima kile, na nyuma ya kilima kile palikuwa na kilima kingine. Mimi ni mtu wa kukaa kwenye kiti cha cherehani. Nilipofika kwenye geti la shule, saa tatu na nusu, daftari lilikuwa limelowa jasho kwapani.

Baraza lilikuwa linamaliza kesi ya wanafunzi waliotoroka kwenda sokoni. Nilijua baadaye kwamba mwalimu wa historia ndiye aliyeomba kesi ya Idi iwekwe mwisho, akisema mzazi anatoka mbali. Nikavaa viatu, nikaingia.

Walikuwa watano nyuma ya meza ndefu. Derekta alikuwa mzee mnene wa sauti ndogo. Prefe alikuwa na kipande cha chaki sikioni. Mwalimu wa historia hakuinua macho. Idi alikuwa amesimama pembeni. Alikuwa amekonda, na shati lake lilikuwa limeachia mshono begani. Mkono wangu ulitaka sindano.

"Baba yake iko wapi?" akauliza derekta.

"Ni mimi, bwana derekta."

"Nimeuliza baba."

"Baba na mama walifariki. Aliyemlea ni mimi. Kama kuna aliyeitwa kwenye barua, ni mimi."

Akaangalia viatu vyangu, kisha akaniambia nikae. Nilibaki nimesimama, maana nilijua nikikaa sitainuka.

Prefe alieleza, na lazima niseme alieleza kwa haki, hakuongeza. Alisema yeye hana chuki na mtoto huyu, ni mwerevu, lakini siku ile wanafunzi arobaini na mmoja walitii neno la mwenzao wakaacha la mkubwa wao. Kesho yeye akiwaambia waende kulala, wataangalia uso wa Idi kwanza. Baraza lilikuwa limempa Idi njia: atamke mbele ya shule kwamba yeye si tribuni wa kitu chochote na aombe msamaha. Alikuwa amekataa.

"Idi," nikamwambia. "Hukusoma habari ya maili ya kwanza?"

"Nimesoma, dada."

"Bondeni ni ndani au ni nje?"

Aliinamisha kichwa. "Ni nje. Kwa hilo nitaomba msamaha, nimewaambia. Nilikosa mahali. Lakini utribuni si wangu kuuacha. Sikujipa."

Prefe akafungua mikono, kama kusema mmesikia wenyewe. Derekta akachukua kalamu. Nilikuwa nimetembea siku tatu ili kalamu ile isifanye kazi, na sikuwa na kitu mkononi isipokuwa daftari lenye jasho. Nikalifungua kwenye kona iliyokunjwa.

"Bwana derekta, mtoto anasema kweli kwamba hawezi kujivua. Hata mushingantahe hawezi. Lakini waliomvisha wanaweza kumvua, na kwa hao Warumi ilifanyika. Imeandikwa hapa, ameandika yeye. Liite darasa lake. Wakimvua, amevuliwa, hana la kusema, na amri inarudi kwa prefe. Abaki kuwa mwanafunzi kama wengine."

"Na wakikataa?"

"Nitaondoka naye leo hii. Sitaomba tena."

Mwalimu wa historia akainua macho kwa mara ya kwanza. Prefe alisema ni kuendeleza mchezo uleule. Derekta aliniuliza nani alinifundisha mambo ya bashingantahe, mimi mtu wa mjini. Nikamwambia muzee mmoja wa Karuzi. "Karuzi," akasema, kama mtu aliyeonja kitu, akaweka kalamu chini.

Idi alikuwa ananitazama. Sijawahi kutazamwa na mdogo wangu namna ile. Alikuwa ameelewa kwamba nimechukua kitu chake na kumkaba nacho.

Darasa lilipangwa mbele ya mlingoti wa bendera. Idi akawekwa mbele, uso kwa bendera, mgongo kwa wenzake, ili asimtishe mtu kwa macho. Derekta aliwaeleza kwa maneno machache. Matofali yatabebwa, iwe hivi au hivi. Idi akibaki tribuni, anaondoka na dada yake sasa hivi. Wakimvua, anarudi darasani, na asisikike tena. Anayemvua anyooshe mkono.

Mikono ikaanza kuinuka. Msichana mmoja wa mstari wa mbele, ambaye baadaye niliambiwa ni konsuli, alikuwa analia bila kujificha. Prefe akaanza kuhesabu kwa kidole. Akafika katikati, akasita, akaanza upya kutoka mwanzo. Mara ya tatu akamwambia derekta imetosha, wamemvua.

Idi hakugeuka mpaka alipoambiwa. Aliomba msamaha kwa kosa la mahali, kwa sauti iliyosikika, akarudi kwenye mstari akasimama wa mwisho.

Njia ya kurudi

Derekta alimruhusu anisindikize mpaka barabara kubwa. Tulitembea vilima viwili. Nilimwambia Zaina anamsalimu. Nilimwambia shati lililoachia mshono alivue nilishone, nina sindano begini. Alilivua, nikakaa kwenye jiwe nikalishona, yeye amesimama kifua wazi amenipa mgongo.

"Dada," akasema, "we ndiye uliwafundisha wanivue."

"Ni mimi."

"Ungeweza kuliambia baraza neno lolote, lakini si lile."

"Halikuwepo lingine, Idi. Nilitafuta kutoka Muyinga mpaka hapa."

Nilikata uzi kwa meno, nikampa shati lake. Alilivaa polepole, kifungo kimoja kimoja, na alipofika cha mwisho akauliza, bado hanitazami:

"Nilikuwa nimewapa mgongo, sikuona kitu. Hakuna hata mmoja aliyekataa?"

Ningeweza kumpa mmoja wa uongo. Nilimwona jinsi alivyokuwa anamhitaji huyo mmoja.

"Walinyoosha wote," nikamwambia. "Ndiyo maana prefe alishindwa kuhesabu. Wengi walinyoosha mikono miwili."